Historia ya Kipuliza Hewa cha Motokaa, na Valvu Yake Ipigayo Kelele

Nyinyi mliokusanyika Rhotia, Mang'ola, Oldeani, Endabash na hapa Karatu mjini, vuteni viti karibu na redio. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kidogo cha injini, chenye umbo kama la konokono wa chuma. Mafundi wetu hukiita tabo. Mimi nitakiita mara tabo, mara kipuliza hewa, na maana ni moja.

Somo hili limetokana na barua. Kikundi kimoja cha wakulima wa vitunguu huko Mang'ola kimetuandikia kwamba kimechanga fedha na kununua Land Cruiser ya dizeli iliyokwisha kutumika. Gari ni zima, ila likipakia mzigo na kushika mlima halivuti vizuri. Sasa amewajia mfanyabiashara mmoja, naye anawashauri watie valvu ya kumwaga hewa, ile ipigayo "pshii" dereva anapoachia mafuta, ati gari litapata nguvu. Bei yake si ndogo. Ni magunia kadhaa ya vitunguu. Wanauliza: tununue au tusinunue? Jibu ni fupi. Lakini napenda mlione wenyewe jinsi linavyotoka katika historia ya chombo hiki, ili akija mwingine mwakani na dawa nyingine ya magari, mjue la kumwuliza.

Basi na tuanze na mlima wetu. Gari litokalo Mto wa Mbu lipo karibu mita 950 juu ya bahari. Hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hupita Rhotia, na kufika Karatu, kwenye mita 1,500 hivi. Kutoka hapa hufika lango la Lodoare, ndipo huanza kuzungukazunguka msituni mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, penye mita kama 2,300. Kila dereva anajua kwamba huko juu gari huchoka. Wengine husema ni baridi, wengine husema ni ukungu. Si baridi wala ukungu. Ni hewa.

Hewa ina uzito. Pwani, kule Dar es Salaam, hewa yote iliyo juu yetu hutukandamiza kwa nguvu ya kilo 1.03 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukingoni mwa Ngorongoro nguvu hiyo imeshuka mpaka kilo 0.78 hivi, maana sehemu kubwa ya hewa umekwisha kuiacha chini yako. Injini nayo hupumua kama sisi. Pistoni ikishuka, hewa huingia kujaza nafasi. Na kama hewa ya nje ni hafifu, silinda hujaa hewa hafifu. Mafuta hayawezi kuungua bila hewa ya kutosha. Ukizidisha mafuta, ziada hutoka nyuma kama moshi mweusi, na fedha yako imetoka pamoja nao. Hivyo injini ya kawaida ifikapo ukingoni imepoteza karibu robo ya nguvu zake, na hakuna fundi awezaye kuirudisha robo hiyo kwa kukaza skrubu.

Mtu wa kwanza kupata ufumbuzi wa jambo hili hakuwa akifikiria milima, ingawa alitoka nchi ya milima. Alikuwa mhandisi wa Uswisi, jina lake Alfred Büchi. Alitazama moshi ukitoka katika injini akaona hasara tupu: karibu theluthi ya joto la mafuta huenda zake angani bila kufanya kazi yoyote. Mwaka 1905 alipata hati ya uvumbuzi wake. Wazo lenyewe ni rahisi. Weka gurudumu dogo lenye mapanga katika njia ya moshi, nao moshi utalizungusha kama upepo uzungushavyo tiara ya karatasi. Liunge kwa shafti fupi na gurudumu la pili, lililowekwa katika njia ya hewa safi. Gurudumu la kwanza likizunguka, la pili huzunguka pia, likivuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Moshi uliokuwa ukitupwa sasa umepewa kazi.

Wazo lilikuwa rahisi, lakini kazi ilikuwa ngumu. Magurudumu hayo katika motokaa za leo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande wa moshi hupata joto la kufanya chuma kiwe chekundu. Vyuma vya wakati wa Büchi havikustahimili. Ilimpasa kungoja mpaka miaka ya 1920, ambapo meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipotiwa injini za dizeli zenye kipuliza chake. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 1,750 sasa ilitoa 2,500. Silinda zilikuwa zile zile kumi. Kilichoongezeka ni hewa.

Huku nyuma, vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimeleta sababu nyingine ya kukihitaji chombo hiki. Ndege zilipanda juu, na injini zake zikachoka kama magari yetu yachokavyo ukingoni, ila kwa hatari kubwa zaidi. Mfaransa Auguste Rateau alijaribu kipuliza katika ndege. Mmarekani Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, alifanya jaribio ambalo kila mtu wa Karatu atalielewa mara moja. Mwaka 1918 alichukua injini ya ndege iitwayo Liberty, akaipakia kwenye lori, akaipandisha mpaka kilele cha mlima Pikes Peak huko Colorado, wenye mita 4,300. Chini, injini ile ilitoa nguvu za farasi 350. Kileleni bila kipuliza ilitoa 230 tu. Alipoiunganisha na kipuliza, pale pale kileleni, ilitoa 356. Hii ndiyo siri ya tabo mlimani: hairefushi mlima wala haiufupishi, bali huishushia injini hewa ya bondeni. Katika vita vya pili ndege kubwa za Marekani aina ya B-17 ziliruka zaidi ya mita 7,000 kwa msaada wa chombo hiki hiki.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1960 shirika la reli la East African Railways lilipokea vichwa vya treni vya dizeli vilivyotengenezwa na English Electric wa Uingereza, vya aina ya 90, na injini yake ya silinda 12 ilikuwa na kipuliza. Reli ya kwenda Uganda hupita Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, juu kuliko ukingo wetu. Abiria waliolala usingizi katika mabehewa yale walipandishwa na moshi wa injini bila kujua.

Malori yalikuwa yamekwisha kuanza. Saurer wa Uswisi alitengeneza injini ya lori yenye tabo mwaka 1938; Volvo wa Sweden alitoa lori lake la Titan Turbo mwaka 1954, likapata nguvu za farasi 185 badala ya 150. Siku hizi ni shida kumpata dereva wa lori kubwa aliyewahi kuendesha lisilo na tabo. Kwa magari ya mizigo hadithi ni nyepesi, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Kwa motokaa ndogo za petroli hadithi si nyepesi hata kidogo. Mwaka 1962 kampuni mbili za Marekani zilijaribu: Chevrolet kwa gari la Corvair Monza Spyder, na Oldsmobile kwa gari la Jetfire. Petroli ikishindiliwa kupita kiasi hulipuka kabla ya wakati wake na kuzitwanga pistoni. Oldsmobile wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti, ya kupoza mlipuko huo, na wakawaagiza wenye magari walijaze kila linapokwisha. Mwajua mambo ya watu. Wengi hawakujaza. Gari lilijipunguzia nguvu lenyewe ili lisiharibike, mwenye gari akanung'unika, na mwishowe wengine waliondolewa tabo yote katika gereji za kampuni wakarudishiwa kabureta ya kawaida. Chombo hakikuwa kibovu sana; kilichokosekana ni mazoea ya kukitunza.

Ugumu mwingine wa petroli ndio uliozaa valvu tunayoizungumzia, nanyi sikilizeni hapa kwa makini. Injini ya petroli hutawaliwa kwa kilango kilichomo katika njia ya hewa. Dereva akikanyaga, kilango hufunguka. Akiachia, kilango hufungika. Sasa fikirini tabo inazunguka mara laki moja kwa dakika, inashindilia hewa bombani, mara dereva anaachia mafuta ili abadilishe gia. Kilango kimefungwa, pap! Lakini tabo haijui. Bado inazunguka, bado inasukuma. Hewa itakwenda wapi? Wakulima wa Mang'ola wanajua jambo hili vizuri kuliko mimi. Ukifunga ghafla mlango wa mfereji wakati maji yanakuja kwa nguvu, maji hurudi nyuma, hupanda kingo na kubomoa tuta. Hewa nayo hurudi nyuma na kulipiga gurudumu la tabo kinyume. Utaisikia ikitoa sauti ya kukatikakatika, "chu-chu-chu-chu". Gurudumu hupunguza mwendo, beringi na shafti huumia polepole, na dereva akikanyaga tena lazima angoje tabo ikusanye mwendo upya.

Mkulima hodari hufanya nini? Huchimba mlango wa pembeni, maji ya ziada yapite. Valvu ya kumwaga hewa ni mlango wa pembeni. Springi huifunga wakati wote wa kukanyaga. Dereva akiachia, injini huvuta hewa nyuma ya kilango kilichofungwa, mvuto ule hupitia kampira kembamba na kuifungua valvu, na hewa iliyosongamana hupata njia. Katika magari mengi hewa hiyo hurudishwa kimya kimya katika bomba la kuingilia, mbele ya tabo. Wengine hupenda kuitoa nje, na hapo ndipo hupatikana ile "pshii" maarufu. Kumbukeni basi: valvu hii haiongezi nguvu. Huilinda tabo, na huisaidia isichelewe baada ya kubadili gia.

Kelele hii ilijulikanaje huku kwetu? Kwa mbio za magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404 isiyo na tabo. Wakati ule watu waliamini, na kwa haki, kwamba matope na vumbi huvishinda vyombo vyote vyenye mapambo mengi. Kisha mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda Safari kwa Toyota Celica yenye tabo. 1985 akashinda Juha Kankkunen kwa gari la aina hiyo. 1986 Waldegård tena. Tangu hapo magari ya tabo yalitawala mbio zile. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, na nadhani ni gari hilo, kuliko somo lolote la ufundi, lililowafanya vijana wa Arusha na Karatu wapende Subaru zilizotumika zitokazo Japani na wapende kelele zake.

Kwa wanaopenda mambo ya mwinuko, kuna kisa cha Afrika Kusini. Renault aliingiza motokaa yenye tabo katika mashindano ya Formula 1 mwaka 1977, na kwa muda ilichekwa kwa kutoa moshi kila mara. Lakini uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg, una mwinuko usiopishana sana na wa Karatu. Huko magari ya wapinzani yalichoka kwa hewa hafifu. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia huko Kyalami, na 1980 René Arnoux akashinda mashindano yenyewe. Hewa ikawa na thamani kiasi kwamba katika mbio za magari ya barabarani sheria ililazimisha kila tabo iwekewe kibano cha kupunguza hewa iingiayo. Na mwaka 1995 timu ya Toyota ilikamatwa huko Hispania na kibano kilichotengenezwa kwa hila ya kupitisha hewa zaidi, ikafungiwa miezi 12. Watu wazima, wenye elimu kubwa, waliiba hewa!

Turudi Mang'ola. Nilisema hadithi ya malori ni nyepesi. Sababu ni hii: injini ya dizeli ya namna ya zamani haina kile kilango. Hewa huingia wazi wakati wote, na dereva anapoachia, kinachopungua ni mafuta tu. Mfereji haufungwi, kwa hiyo maji hayarudi nyuma, kwa hiyo mlango wa pembeni hauna kazi. Hata zile dizeli za kisasa zilizowekewa kilango kwa ajili ya kusafisha moshi hutoka kiwandani bila valvu ya kelele, nazo hupanda mlima. Ili valvu ilie katika dizeli, muuzaji hulazimika kuifungua kwa swichi ya umeme. Yaani mwenye gari hulipa fedha ili kutoboa bomba lake mwenyewe. Na ikichakaa, ikaanza kuvuja wakati wa kukanyaga, gari litapungua nguvu hapo hapo mlimani mlipotaka nguvu.

Tena kuna jambo jingine. Barua yenu imetaja herufi zilizoandikwa kwenye injini: 1HZ. Ahsanteni kwa kuziandika, maana zimemaliza maneno. Injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ni dizeli ya silinda sita isiyo na tabo kabisa. Ndiyo iliyo katika magari mengi sana ya kubebea watalii yanayopita hapa kila asubuhi. Mfanyabiashara anataka kuwauzia mlango wa kumwagia maji katika mfereji usio na maji. Msinunue.

Huenda atawaambia, "Basi nitawatilia tabo kwanza." Hilo si uongo, jambo hilo hufanyika, na huko Australia limefanywa katika magari mengi ya aina hiyo. Lakini Toyota mwenyewe alipotaka dizeli ya tabo ya kizazi hicho alitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye njia tofauti ya kuchoma mafuta. Pistoni za 1HZ hazikukusudiwa joto la hewa nyingi iliyoshindiliwa. Atakayeitilia tabo lazima aweke msukumo mdogo, aweke na kipimo cha joto la moshi, na awe na dereva ambaye hutazama kipimo hicho badala ya kutazama barabara za jirani. Msukumo ukizidi, pistoni hupasuka, na pistoni ikipasuka kwenye kona za juu ya Lodoare wakati wa magunia kamili, hasara yake haihesabiwi kwa vitunguu peke yake.

Sasa nyinyi wenye magari yenye tabo ya kiwandani, nanyi mmeandika: gari lilikuwa likipanda vizuri, mwaka huu halivuti. Kabla ya kukubali kununua tabo mpya, anzeni na mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Mpira uliopasuka upande wa chini hauonekani mpaka uinamie. Mahali panapovuja pana alama: mafuta membamba yaliyoshika vumbi. Klipu iliyolegea nayo humwaga hewa, na utasikia mlio wa filimbi gari likibebeshwa kazi, pamoja na moshi mweusi nyuma. Ugonjwa huu huponywa kwa klipu ya bei ndogo, na nimeona watu wakiuziwa tabo nzima kwa ajili yake.

La pili ni vumbi. Vumbi jekundu la kutoka lango la Lodoare kwenda juu ni jembamba kama unga. Chujio la hewa likitoboka, au likakaa vibaya katika sanduku lake, vumbi hulila gurudumu la tabo kama msasa, mpaka ncha za mapanga zinakuwa butu, na hakuna atakayejua mpaka nguvu zimekwisha. La tatu ni oili. Shafti ya tabo huelea juu ya utando wa oili. Oili chafu au pungufu huiua kabla ya kitu kingine chochote katika injini. Kwa sababu hiyo, na hasa kwa magari ya zamani, ukifika juu baada ya kupanda kwa nguvu usizime mara moja. Acha injini iungurume polepole dakika moja au mbili, tabo ipoe huku oili bado inapita.

Kabla hamjazima redio, kikundi kifanye hesabu hii. Tabo ya gari fulani huongeza msukumo wa kilo 0.7 juu ya hewa ya nje, pwani na mlimani sawasawa. Pwani hewa ya nje ni kilo 1.03, ukingoni ni kilo 0.78. Jumlisheni kila upande, kisha tafuteni gari hilo limepoteza sehemu gani ya hewa yake kwa kupanda kutoka pwani mpaka ukingoni. Linganisheni na ile robo iliyopotezwa na gari lisilo na tabo. Mtapata kama sehemu moja katika saba. Atakayepata zaidi ya hapo arudie kujumlisha, na atuandikie wiki hii.